Boxster ya mwaka 2001 inauzwa bei ya kutupa: ninunue au niiache?

SWALI

Ndugu mshauri,

Nina gari dogo la kila siku ambalo halinisumbui, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue gari la spoti la viti viwili, la kuendesha mwisho wa wiki kwa raha yake tu. Sasa nimepata Porsche Boxster ya mwaka 2001, injini ya lita 2.7, gia za mkono, kilomita 142,000 kwenye mita. Bei yake ni kama theluthi mbili ya ile wanayoomba wengine kwa gari la aina hiyo. Bei hiyo ndiyo iliyonivuta, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Ninayoyajua ni haya. Muuzaji ni mmiliki wa tatu. Kitabu cha sevisi kimejazwa vizuri hadi mwaka 2012, kisha kuna risiti chache za oili na tairi. Gari limekaa bila kutembea karibu miaka miwili. Pedali ya klachi ni nzito, mguu ulinichoka kabla hatujamaliza mzunguko mmoja. Tulipoliwasha lilitoa moshi wa samawati kidogo, kisha ukakata. Zulia la buti la nyuma lina unyevu na muuzaji anasema ni mvua. Dirisha la plastiki kwenye turubai limegeuka njano. Mengine yote yanang'aa.

Mume wangu amesikia kwamba injini za Porsche za miaka hiyo hufa ghafla kwa sababu ya beringi moja, na anataka nichukue Mazda MX-5 ya 1999 ambayo tumeiona kwa nusu ya bei ya hii Boxster. Fundi wetu ni mzuri kwa magari ya kawaida lakini Porsche hajawahi kuigusa.

Je, kununua gari la spoti la zamani namna hii kuna maana, au ni kuitupa akiba yangu? Na kama kuna maana, nikague nini kabla sijatoa pesa?

Mwenye Hamu ya Viti Viwili

JIBU

Dada yangu Mwenye Hamu,

Kwako wewe kuna maana, kwa sababu una gari jingine la kukufikisha kazini. Gari la spoti lenye miaka zaidi ya 20 litalala gereji wiki mbili likisubiri spea, na mtu anayelitegemea kila asubuhi ataishia kulichukia. Hilo halikuhusu. Lakini hii Boxster uliyoiona, kwa hali uliyoieleza, usiilipie hata kishika uchumba kabla hujajua mambo matatu: ndani ya filta ya oili mna nini, kompyuta ya injini imehifadhi nini, na unyevu ule wa buti ni maji gani.

Kwanza tuiseme bei. Gari likizeeka, bei ya kulinunua hushuka, ila bei ya spea zake hubaki palepale. Porsche ya 2001 inauzwa leo kama gari dogo la kawaida, lakini klachi yake, diski zake za breki na tairi zake bado ni za gari lililokuwa ghali lilipotoka kiwandani. Ndiyo maana wamiliki wa pili na wa tatu huanza kuahirisha: leo anaruka sevisi ya maji ya kupoza injini, mwakani anafunga tairi za bei ya chini, mwaka unaofuata anaamua kuuza. Kitabu kilichonyamaza tangu 2012 kinakuambia hivyo. Ile theluthi iliyopunguzwa kwenye bei, kwa maoni yetu, ni kazi ambazo hazikufanywa, na atakayezilipia ni mnunuzi. Gawa akiba yako mafungu 10. Kununua kusile zaidi ya mafungu 6. Manne yabaki benki kwa ajili ya miezi 12 ya kwanza. Kama gari lenyewe linameza mafungu 9, liache, hata likiwa zuri kiasi gani.

Sasa beringi ambayo mumeo ameisikia. Yupo sahihi kwamba tatizo lipo, ingawa maelezo aliyopewa yametiwa chumvi. Injini ya gari hili, M96, ina silinda 6 zilizolala, 3 kila upande. Chini ya krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kuna shafti ya kati inayozungushwa na krenki, nayo huzungusha kamshafti (shafti zinazofungua valvu) kwa cheni. Upande wa flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi, shafti hiyo hushikiliwa na beringi ya gololi iliyozibwa kwa sili pande zote mbili. Wenye magari haya huiita shafti hiyo kwa kifupi IMS. Sili zikichoka, grisi ya ndani huoshwa, oili chakavu ya injini huingia na kubaki humo bila kubadilika, gololi zinaanza kuliwa. Beringi ikivunjika shafti hukosa mhimili, cheni huruka meno, valvu hugonga pistoni. Hapo injini huwa imekwisha, na gharama ya nyingine inaweza kupita bei ya gari zima.

Si kila mwaka una hatari sawa. Magari ya mwanzo yalikuwa na beringi ya safu mbili za gololi, ambayo ni imara zaidi. Baadaye ikaja ya safu moja, nayo ndiyo yenye sifa mbaya. Magari ya 2000 na 2001 ni mchanganyiko: mengine yana safu mbili, mengine moja, na njia ya uhakika ni kutoa gia boksi na kuangalia umbo la kifuniko cha beringi. Nchini Marekani kulikuwa na kesi ya pamoja ya wamiliki, iliyomalizika kwa maafikiano mwaka 2013, ikihusu Boxster na Porsche 911 za miaka ya modeli 2001 hadi 2005. Kuanzia modeli za 2006 kampuni iliweka beringi kubwa zaidi, ambayo haiwezi kutolewa bila kuifungua injini yote lakini husumbua mara chache. Kwenye injini mpya ya modeli za 2009 shafti hiyo haipo kabisa. Zaidi ya hapo, Boxster nyingi za kizazi cha hii uliyoiona zimetembea kilomita nyingi na beringi yake ya kiwandani. Gari lililoendeshwa mara kwa mara na kubadilishwa oili kila mwaka linatupa moyo kuliko lililokaa miaka miwili, kwa sababu injini inayokaa hukusanya unyevu na tindikali kwenye oili, na beringi hii inaogea humo.

Hapa ndipo klachi yako nzito inapogeuka kuwa faida. Pedali nzito kwa kawaida ni klachi iliyolika: sahani inavyopungua, spring za kava husimama vibaya na hudai nguvu zaidi. Klachi mpya kwenye Boxster humlazimu fundi ashushe gia boksi, na gia boksi ikishashuka, beringi ya shafti ya kati na sili ya nyuma ya krenki ziko mbele ya macho yake. Kazi kubwa ni kufika pale. Ukifanya vyote kwa mpigo unalipia ufundi mara moja na kuongeza spea tu. Ukibadilisha klachi peke yake leo, halafu sili ianze kuvuja mwakani, utalipia ufundi uleule mara ya pili. Mwambie fundi apime na flaiwili, ambayo ni ya vipande viwili vyenye spring katikati: azungushe kipande kimoja dhidi ya kingine kwa mkono. Kinatakiwa kizunguke kidogo na kurudi kwa ulaini. Kikicheza huru, kikikwama au kikinesa kwenda nje na ndani, ibadilishwe.

Kazi ya beringi usimpe fundi wa kujaribu. Injini inatakiwa ifungwe kwa pini kwenye nafasi yake, kamshafti zishikiliwe, na vikaza cheni vilegezwe kabla kifuniko hakijaguswa, la sivyo cheni itateleza na taimingi itapotea palepale. Fundi wenu anaweza kuwa hodari kweli, ila kama hana vifaa maalumu vya kufungia na vya kuvutia beringi ya injini hii, msimweke kwenye mtihani huo. Tafuta aliyekwisha kuifanya, na umuulize anafunga beringi ya aina gani na inatakiwa ibadilishwe tena baada ya kilomita ngapi. Beringi mpya za gololi za kauri nazo zina muda wake, na muda huo uandikwe kwenye kitabu.

Kabla ya yote hayo ni filta, na hii inafanyika kabla ya kununua. Mwombe muuzaji oili ibadilishwe mbele yako, hata kama ni wewe utakayelipia hizo lita zaidi ya 8. Filta iko chini ya injini ndani ya kikombe cha plastiki. Itolewe, karatasi yake ikatwe, ifunuliwe mikunjo yote juu ya kitambaa cheupe kwenye mwanga wa jua. Pitisha sumaku. Vipande vya plastiki vya kahawia au vyeusi, viwili vitatu, ni vipedi vya kuongozea cheni vinavyolika. Si habari nzuri lakini si msiba. Chembe za chuma zinazonata kwenye sumaku ni hatari, maana gololi za beringi ni za chuma kigumu kinachovutwa na sumaku, na hakuna sababu njema ya kuzikuta pale. Chembe zinazong'aa zisizovutwa na sumaku ni alumini au metali za beringi za krenki, nazo ni mbaya vilevile. Ukiona metali ya aina yoyote kwa wingi, shukuru na uondoke. Usikubali hoja ya kwamba beringi mpya itamaliza shida: vumbi la chuma limeshasambaa kwenye njia zote za oili, na beringi mpya itaoga humohumo.

Jambo la pili ni kompyuta ya injini. Lipa saa moja ya mtaalamu mwenye kifaa cha uchunguzi kinachosoma Porsche kwa kina. Kile kidogo cha kusoma makosa ya jumla hakitoshi. Unataka aandike vitu vitatu.

Saa za injini. Kompyuta huhesabu muda wote ambao injini imekuwa ikiwaka. Gawa kilomita kwa saa hizo upate mwendo wa wastani. Kwa kilomita 142,000, saa kati ya 2,800 na 4,700 zinaleta wastani wa kilomita 30 hadi 50 kwa saa, na hilo linaaminika. Zikisoma 7,000, wastani ni kama kilomita 20 kwa saa: ama gari limeishi kwenye foleni, ama mita imerudishwa nyuma. Mlinganishe na kilomita zilizoandikwa kwenye risiti za zamani.

Mizunguko iliyopitiliza. Injini za mwaka huu huhifadhi idadi ya mara ambazo cheche zilipigwa injini ikiwa juu ya kikomo, katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni mtu kukanyaga mafuta hadi mwisho, na namba yake hutisha bure. Kwenye mizunguko 7,200 kwa dakika, injini ya silinda 6 hupiga cheche 360 kwa sekunde, kwa hiyo hesabu ya mia kadhaa ni sekunde moja au mbili za maisha yake yote. Kundi la pili ndilo la kuuliza, kwa sababu kulifikia kwa kawaida kunahitaji mtu aingize gia ya chini kimakosa akiwa kwenye mwendo mkali. Hapo ni magurudumu yanayoisukuma injini, na kidhibiti mizunguko hakiwezi kuizuia. Angalia limetokea saa ya ngapi. Kama ni saa 900 na leo gari liko 3,800, madhara yangekuwa yameshajitokeza. Kama ni saa 3,790, liache.

Mkengeuko wa kamshafti. Injini ikiwa imepata moto na kunguruma bila kukanyagwa mafuta, kila upande usome karibu na sifuri na utulie. Kikomo ni nyuzi 6 kwenda juu au chini. Namba inayoyumba, au upande mmoja ulio mbali na mwenzake, inaonyesha vipedi vya cheni vimelika au cheni inacheza.

Sasa buti lenye unyevu. Tangi la plastiki la maji ya kupoza injini liko nyuma ya pambo la buti la nyuma, na kupasuka kwake ni ugonjwa unaojulikana sana wa gari hili. Plastiki hukomaa kwa joto, hupata ufa mwembamba, maji hujipenyeza kwenye zulia. Mvua haina utamu wala harufu. Bonyeza zulia kwa tishu nyeupe, unuse na uangalie rangi: maji ya kupoza huteleza kidogo vidoleni na huwa na harufu ya utamu-utamu. Usionje, ni sumu. Kama ndiyo yenyewe, tangi jipya pamoja na mfuniko wake ni kazi ya kawaida, lakini jiulize gari limetembea muda gani likiwa na maji pungufu. Injini iliyowahi kuchemsha ni injini nyingine kabisa. Mwombe fundi aupime mfumo kwa shinikizo ukiwa baridi, na aitikise puli ya pampu ya maji. Mapezi ya pampu ya kiwandani ni ya plastiki. Pampu ikiachwa izeeke huvunjika na vipande huingia kwenye njia za maji. Wengi huibadilisha kila miaka 4 au 5 bila kusubiri ilie, na sisi tunakubaliana nao. Ukinunua mpya, chukua tena yenye mapezi yasiyo ya chuma: beringi ya pampu ikilegea, mapezi ya chuma hula ukuta wa injini yenyewe.

Rejeta mbili ziko mbele, nyuma ya matundu ya bampa, na majani hujaa mbele yake kama kapu la taka. Majani yakilowa, rejeta huoza kwa nyuma bila kuonekana. Chukua tochi uchungulie. Kuyatoa ni nusu saa kwa mashine ya kufyonza vumbi.

Moshi wa samawati uliouona usikukoseshe usingizi. Silinda zikiwa zimelala, oili kidogo hupenya pistoni gari likikaa, nayo huungua dakika ya kwanza. Baada ya miaka miwili ya kukaa, tungeshangaa zaidi kama usingetoka. Moshi wa kuogopa ni wingu jeupe zito lisilokwisha, linalojaza ua mzima. Hilo ni kitenganishi cha mvuke wa oili kimepasuka utando na injini inavuta oili kupitia njia ya hewa. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa na moto na ikinguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili ulio ndani ya buti la nyuma. Kuvutwa kidogo ni kawaida. Ukivutwa kwa nguvu hata uupate kwa shida, injini ikayumba vibaya, kitenganishi kimekufa au kinakaribia.

Kuhusu turubai, dirisha la njano ni jambo la sura tu, linaweza kushonewa jingine (modeli za 2003 na 2004 zilikuja na kioo). Kikubwa ni mifereji ya maji. Kila upande wa nyuma, pale turubai linapojikunja, kuna tundu la kupitishia maji ya mvua. Likiziba kwa majani na vumbi, maji hufurika ndani na kukusanyika sakafuni chini ya viti, na chini ya kiti cha kushoto ndiko kulikowekwa kompyuta inayosimamia kinga dhidi ya wizi na kufunga milango. Ikilowa, gari haliwaki, na kuirudisha kazini ni pesa nyingi kwa kisanduku kidogo. Ingiza mkono chini ya zulia karibu na reli za kiti. Unyevu, chumvi nyeupe kwenye plagi za nyaya, harufu ya uvundo: ukikuta hata kimoja, punguza bei kana kwamba kisanduku hicho kimeshakufa. Fungua na funga turubai mara tatu mfululizo. Likipanda upande mmoja mbele ya mwingine, viungo vidogo vya plastiki au nyaya zake zimeisha. Na dai funguo mbili zinazofanya kazi, pamoja na kile kifaa cha kufungulia boliti ya kufuli ya rimu. Kisipokuwepo, hata kukagua breki hutaweza.

Kwa chini sitakaa sana, maana fundi wenu anazijua kazi hizi. Bushi na bol-jointi za mikono ya mbele hugonga kwenye matuta madogo. Boliti za bomba la moshi hushika kutu na kukatika. Oili kwenye kiungo cha injini na gia boksi, ikiwa ni jasho tu, mtaimaliza wakati wa klachi. Ikidondoka, iingie kwenye mazungumzo ya bei. Injini iliyosafishwa kwa mvuke siku moja kabla ya ukaguzi inakunyima ushahidi, basi liendesheni nusu saa halafu mlipandishe tena. Tairi zina tarakimu 4 za kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zenye zaidi ya miaka 6 zihesabu kama hazipo, hata zikiwa na meno marefu, kwani mpira mgumu kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hukutupa kwenye kona ya kwanza yenye maji. Kagua ukingo wa ndani wa tairi za nyuma. Huko ndiko zinakolika kwanza, na kwa nje hutaona kitu. Baada ya miaka miwili ya kukaa, maji ya breki yamwagwe yote, na kila kalipa ikaguliwe kama inaachia.

Siku ya kuliendesha, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Mlio wa cheni wa sekunde chache ukiwa baridi unavumilika. Ukiendelea injini ikipata moto, hapana. Ukiwa gia ya pili, kanyaga mafuta hadi mizunguko ya kati, kisha achia ghafla, mara kadhaa. Baadhi ya gia boksi hizi huruka na kutoka kwenye gia ya pili, na tiba yake ni kuifungua gia boksi yenyewe. Endesha dakika 30, zima, subiri 10, washa tena. Injini ikimisi siku ya mvua tu, koili 6 za cheche zimepata nyufa. Hizo na plagi zake ni kazi ya mchana mmoja.

Mumeo naye asikilizwe. MX-5 ya 1999 ni gari la busara, na halina unyonge wowote. Lina injini ya silinda 4 mbele, ina uzito wa tani moja na kidogo dhidi ya tani moja na robo ya Boxster, na magari ya jina hilo yaliyotengenezwa yalipita milioni moja mwaka 2016, kwa hiyo spea hazikupi homa. Fundi wenu ataimudu yote. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji, na silinda ndogo ya chini ya klachi huvuja mara kwa mara lakini ni kazi ndogo. Adui yake ni kutu. Kizazi hiki huoza kwenye chasi za mbele, zile boksi mbili ndefu zinazopita pembeni mwa injini, na kwenye vizingiti vya milango karibu na magurudumu ya nyuma. Gonga kwa mpini wa bisibisi: sauti kavu ni chuma, sauti ya mfu ni rangi na puti. Chasi ikiwa imeoza, injini nzima kama mpya haisaidii. Ikiwa safi, na nusu ya akiba yako imebaki benki, hilo ndilo gari tungemchagulia mtu anayetaka kuendesha zaidi kuliko kutengeneza.

Lakini kama moyo wako uko kwenye sauti ya silinda 6 nyuma ya mabega yako, na tunauelewa moyo huo, fanya hesabu moja kabla ya kuamua. Peleka kwa fundi wa Porsche orodha hii akupe gharama kwa maandishi: klachi kamili, beringi ya shafti ya kati, sili ya nyuma ya krenki, tangi na pampu ya maji, tairi 4, sevisi ya oili na breki, dirisha la turubai. Jumla yake ilinganishe na tofauti kati ya bei hii na ya Boxster yenye risiti za kila mwaka. Ikizidi tofauti hiyo, basi hii inayoitwa rahisi ndiyo ghali, na ile yenye karatasi ndiyo ya kununua, hasa kama klachi na beringi zilishafanywa na risiti ipo. Ikiwa chini, na filta ni safi, peleka jumla hiyo kwa muuzaji ikiwa kwenye karatasi ya gereji, umwombe apunguze nusu yake. Anayejua anachouza atakaa mezani. Anayekataa filta ifunguliwe anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia, na hapo huna haja ya kusubiri kipimo kingine.

Ukishapata majibu, tuandikie tena utupe saa za injini, namba za kundi la pili na mkengeuko wa kamshafti wa pande zote mbili, pamoja na picha ya filta iliyofunuliwa. Kwa hayo manne tutakuambia ununue au uache.